Mwalimu na Watoto Mikokoni

Wako wazee ambao, wakitakiwa kulipa nauli ya mtoto kwenda matembezi na shule, hunung'unika wakisema kwamba mtoto alipelekwa shule asome vitabu, wala si kutazama miti. Neno lao si la kudharauliwa, maana matembezi mengine huwa ni kuimba garini na kula mikate tu. Lakini kosa hilo si la miti. Ni la mwalimu asiyejitayarisha.

Tazama Hori ya Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya. Hapo maji hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na saa zake huchelewa kila siku kwa dakika kama 50. Mwalimu aliyetangulia kuwauliza wavuvi hujua saa ya kuwateremsha watoto topeni na saa ya kuwapandisha. Asiyeuliza, hasa siku za bamvua, huenda akakuta njia waliyojia imekwisha kufunikwa na maji. Basi awahesabu watoto kabla ya kushuka, na awahesabu tena kabla ya kuondoka.

Kazi iliyo ngumu zaidi, kwa mtu aliyezoea ubao na chaki, ni kunyamaza. Watoto wakiona vijiti vingi vimesimama wima topeni kuuzunguka mti wa mchu, wasiambiwe upesi ni nini. Waulizwe kwa nini mizizi hii huota kwenda juu, hali ile ya muhindi huenda chini. Mmoja atakisia hili na mwingine lile, mpaka atokee wa kusema kwamba tope limejaa maji, hewa haimo. Ndipo mwalimu athibitishe kwamba mchu huvuta hewa kwa vijiti hivyo. Mtoto wa mkulima atakumbuka shamba lao lililotuama maji, mahindi yakageuka manjano.

Waambiwe pia habari za boriti. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, mpaka Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Lakini mwalimu mwenyewe aking'oa chipukizi ili alionyeshe darasa, asishangae wote waking'oa.

Daftari zifunguliwe kesho yake, si baada ya juma. Na yule mzee aliyenung'unikia nauli, jioni ile ile amwulize mtoto kwa nini mchu una vijiti.