Mikono Yako Inataka Sabuni, Siyo Sanitaiza

Kila msimu wa likizo swali ni lilelile: "Daktari, nibebe sanitaiza ya asilimia ngapi ili nisiharishe melini?" Wanaliuliza Waswahili walioko Marekani wanaopanda meli za kitalii Miami kuzunguka visiwa vya Karibi, na wanaliuliza wazazi wa vijana wetu walioajiriwa kwenye meli hizo. Leo nalijibu kwa mara ya mwisho: asilimia yoyote unayoitaja, swali lenyewe limekosewa.

Maradhi yanayowatapisha na kuwaharisha abiria kwa mkupuo huletwa zaidi na norovirusi. Siku ya kuihofia ni ileile inayopendwa kuliko zote: mwishoni mwa safari, meli iko katikati ya bahari, hakuna bandari ya kushuka, watu ni kula, kuogelea na kujinyoosha sitahani. Dalili hutokea saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo aliyepanda na ugonjwa siku ya kwanza amekwisha kuwapa wenzake, na wenzake wamewapa wengine. Siku hiyo wote wako ndani mchana kutwa, wanashika vyuma vya ngazi vilevile na miiko ileile ya bafe. Na anayeanza kuumwa hunyamaza, maana hataki kufungiwa kabini siku ya mwisho ya likizo aliyoilipia.

Sasa hiyo sanitaiza. Korona ilitufundisha kuipaka, na kwa korona ilikuwa sahihi. Virusi vya korona na vya homa ya mafua vimevikwa utando wa mafuta. Spiriti iliyomo kwenye sanitaiza huuvuruga utando huo na kirusi kikaharibika. Norovirusi haina utando wa mafuta hata kidogo. Imejifungia ndani ya ganda la protini, gumu kama kifuu cha nazi, na spiriti haina pa kushika. Sanitaiza huipunguza kiasi tu, na kiasi hakitoshi, kwa sababu chembe chache mno za kirusi hiki, hata chini ya 100, zinatosha kumlaza mtu mzima. Mgonjwa mmoja hutoa mabilioni.

Utaniambia: "Mbona mlangoni mwa bwalo wameiweka, na mhudumu anakunyunyizia?" Ni kweli, na inafaa kwa vijidudu vingine. Lakini tazama kinachofuata. Abiria anapaka, anasugua mara mbili tatu, anaingia. Anashika koleo la kuchukulia mkate lililokwisha kushikwa na watu wengi kabla yake, anashika mwiko wa wali, anashika bomba la juisi. Anaketi, anamega mkate kwa mkono uleule na kuutia kinywani. Hata kama dawa ile ingeua kila kitu, imepakwa kabla ya mkono kuchafuka! Na kama alitoka msalani bila kunawa akategemea tone la mlangoni, basi kwenye koleo lile amewaachia wenziwe ugonjwa. Hili ndilo linaloniuma: chupa ya mfukoni imewafanya watu waadilifu kabisa waache kunawa, huku wakiamini wamejikinga.

Wengine hujibu: "Lakini hata sabuni haiui kirusi hicho." Ndiyo, haiui, na wala hatuhitaji iue. Sabuni na msuguano hukibandua kwenye ngozi, maji yanayotiririka hukipeleka zake. Acha kuuliza kipi kinaua. Uliza kipi kinaondoa. Hapo utanawa.

Wala meli isisingiziwe peke yake. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inasema meli za kitalii ni asilimia 1 tu ya milipuko yote ya maradhi haya inayoripotiwa huko. Zinavuma kwa sababu zinalazimika kuripoti, na mlipuko hutangazwa wagonjwa wakifikia asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi. Kirusi chenyewe kilipewa jina la Norwalk, mji wa jimbo la Ohio, ambako wanafunzi wa shule waliugua mwaka 1968.

Ya kufanya ni haya. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka sekunde 20, kila utokapo msalani na kabla ya kula. Ukishapakua, nawa tena au tumia uma. Mtu akitapika karibu nawe, ondoka na umwite mhudumu. Pale panahitaji klorini, siyo kitambaa chako. Ukiumwa, sema mara moja na ubaki kabini. Kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo hata kama unatapika. Dawa ya Flagyl iache, haitibu virusi, na hiki ni kirusi. Mtoto mdogo, mzee, au yeyote anayeshindwa kuhifadhi maji tumboni, au mwenye kinyesi cha damu, apelekwe kwa daktari wa meli bila kungoja bandari. Wengi hupona kwa siku 1 hadi 3, lakini ukifika nyumbani usiwapikie watu mpaka zipite siku 2 tangu dalili ziishe, na endelea kunawa, maana kirusi huweza kutoka kwenye kinyesi chako kwa wiki 2 au zaidi.

Sanitaiza ibebe ukitaka, kwa pale usipopata maji. Meli ina maji na sabuni katika kila kabini, anzia hapo.