Muda wa Nani? Vivumishi vya Kiingereza na Nyumba ya Mjomba

Katika somo la Tafsiri tulipewa maneno saba ya Kiingereza tuyatafutie visawe: "temporary", "provisional", "transient", "ephemeral", "fleeting", "finite" na "limited". Darasa karibu zima, nami nikiwemo, tuliandika "-a muda" mara nne au tano, tukamalizia na "-enye kikomo". Mhadhiri alicheka, akasema Kiswahili hakina upungufu ila sisi ndio tunao. Nilicheka pia. Lakini hilo neno "muda" nilikuwa nimekwisha kukutana nalo nyumbani, kwenye karatasi, na huko halikuchekesha mtu.

Mimi ni mwenyeji wa Shinyanga. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alihamia upande wa Geita kufuata dhahabu, na mwaka 1993 akajenga nyumba ya tofali mbichi, akaiezeka bati. Mwaka 2014 walifika wathamini wa kampuni moja iliyolitaka eneo lile. Fomu yao ilikuwa ya Kiingereza, na kwenye mstari wa nyumba ya mjomba iliandikwa "temporary structure". Mkalimani akasoma kwa sauti: "nyumba ya muda". Basi, na fidia ikafuata neno hilo.

"Mjomba," aliniambia (ndivyo tunavyoitana, yeye kwangu na mimi kwake), "nimezaa watoto watano humu ndani. Ni muda gani huo wanaousema?"

Naomba msomaji asilichukue swali hilo kama manung'uniko ya mtu aliyepunjwa. Ni swali la sarufi, tena zuri kuliko jibu nililoandika darasani.

Tuanze na umbo. "Temporary" hukaa na nomino yake kama vile neno "nyekundu" linavyokaa na shati: ni sifa, imo ndani ya kitu. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya wakati, lakini wakati huo umelala. Mwingereza akilitamka hasikii saa ikigonga. Sisi vivumishi vyetu halisi vya ufinyu ni vichache mno: -fupi, -dogo, -chache, -embamba, na haba tuliyoazima. Kwa hiyo tunatumia a-unganifu na nomino: nyumba ya muda, kazi ya msimu, mvua ya kupita. Wapo wanaoliona hilo kuwa umaskini. Mimi naona kinyume chake. Nomino ikiwa hai ndani ya fungu la maneno, inahojika. Muda gani? Wa nani? Umeanza lini, na nani kaupima? Mjomba, ambaye hakufika sekondari, alifanya hivyo hivyo: alilifungua neno akatazama ndani. Kwa "temporary" peke yake asingeweza.

Sasa tazama jinsi watu wasiotafsiri kwa pupa wanavyoyashughulikia hayo mengine. "Provisional" si lazima kiwe kitu kifupi. Ni kitu kinachongoja kingine. Ndiyo maana matokeo ya uchaguzi tunayaita ya awali, na serikali ya namna hiyo tunaiita ya mpito. "Ephemeral" ni la Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kitu cha siku moja. Hapo sisi tuna kibarua: barua iliyotiwa ki- ya udogo. Jina la kijikaratasi cha kuhesabia kazi liligeuka jina la kazi yenyewe, kisha la mtu anayeifanya. Riwaya nzima imo katika mofimu hiyo moja, na hakuna kivumishi hata kimoja.

Machimboni ndiko lugha ilikonifurahisha zaidi. Dhahabu ikionekana mahali papya, watu wakamiminika na majembe na sururu, pale panaitwa rashi. Neno limetoka Kiingereza, sawa, lakini hutamsikia mchimbaji akisema "rashi ya muda". Rashi imebeba ufupi wake tumboni. Na bado haiahidi kwamba watu wataondoka: Nyarugusu watu wamechimba tangu enzi za ukoloni, na hadi leo wanachimba.

"Limited" lina ujanja wake. Limeandikwa kwenye vibao vya mageti ya migodi, mwishoni mwa jina la kampuni, na ukiwa mgeni unaweza kudhani ni uchimbaji uliowekewa mpaka. Wapi! Kilichowekewa mpaka ni dhima ya wanahisa: kampuni ikifilisika, hawadaiwi zaidi ya hisa zao. Kikomo kipo, ila kinamlinda mwenye hisa.

Nirudi kwenye ile fomu. "Temporary" yake haikupima wakati hata kidogo. Ilipima udongo. Ukuta wa tofali mbichi unaitwa wa muda hata ukisimama miaka 21, na wa saruji unaitwa wa kudumu hata ukiwa wa juzi. Mkalimani angesema "nyumba ya udongo" angekuwa amefasiri maana, nao wanakijiji wangejua wanabishania nini. Aliposema "ya muda" alitafsiri neno akaiacha maana njiani. Na kama kweli ni wakati unaopimwa, tuupime kote: mgodi wa Tulawaka ulianza mwaka 2005 ukafungwa 2013, na Buzwagi, pale Kahama, ulianza 2009 ukasimamisha uzalishaji 2021. Miaka minane, na miaka kumi na miwili. Sijasikia ofisi zake zikiitwa majengo ya muda.

Wenzangu watauliza haya yanahusu nini na fasihi. Yanahusu. Aliyetunga Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alitaka kusema kwamba fahari ya Pate ilikuwa ya kupita. Hakutafuta kivumishi. Alituingiza kwenye majumba yale, akatuonyesha yalivyokuwa yamejaa, kisha akatuacha ndani yake tukiwasikiliza ndege na popo. Tunapoutahiniwa utenzi huo tunakimbilia kuandika kwamba dhamira yake ni "maisha ni ya muda", tunapata alama zetu, na tumefanya kosa lile lile la mkalimani.

Likizo iliyopita nilimtembelea mjomba. Siku hizi anaishi Katoro, chumba na sebule, tofali za saruji, sakafu imesakafiwa. Nikamsomea rasimu ya makala haya hadi hapo palipo na udongo na saruji. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Hii ndiyo ya kudumu," akasema. "Kodi nalipa mwezi kwa mwezi."