Kioo cha Leza ya Deejay Kimepasuka? Usikimbilie Fundi wa Madirisha

Kama wewe ni deejay ama unakodisha vyombo vya sherehe, unajua ile leza inayochora mistari juu ya watu ndiyo hufanya klabu iwake. Pale mbele miale inapotokea kuna kioo kidogo. Hakuna mtu hukishughulikia hadi siku kipasukie kwa gari mkitoka shoo, ama msaidizi wako akipanguze na tishati yenye mchanga.

Kioo hicho kinazuia vumbi na moshi. Maji ya mashine ya moshi huwa na glikoli, na yakikauka yanaacha utando unaonata. Bila kioo, huo utando unaenda kukaa kwa vile vioo viwili vya ndani vinavyocheza kwa kasi kupeleka miale huku na kule. Hivyo ndivyo ghali, na kuvisafisha ni noma. Kwa hivyo kupiga shoo bila kioo si jibu, msee.

Wengi wanaenda kwa fundi wa madirisha, wanakatiwa kipande kwa bei ya chai, wanabandika na gundi. Leza inawaka, kila mtu ana furaha. Lakini fanya hesabu kidogo. Glasi ya kawaida inaakisi karibu 4% ya mwanga kila upande, kwa hivyo pande mbili ni 8%. Kwa leza ya wati 5, hizo ni kama miliwati 400 zinazorudi ndani ya boksi, zinagonga vyuma, na zingine zinatoka zikielekea pahali hukupanga. Ile leza ya kalamu ya kuonyesha ubaoni inafaa kuwa chini ya miliwati 5. Sasa fikiria. Jicho la mtu aliyelipa kiingilio halina spea.

Chenye unatafuta ni kioo chenye tabaka jembamba la kuzuia kuakisi, pande zote mbili. Kishike chini ya balbu: picha ya balbu itaonekana hafifu, ikiwa na rangi kama zambarau ama kijani. Cha dirisha kitakuonyesha balbu nyeupe kabisa.

Na hapa ndipo wauzaji wa mtandaoni wanakutega. Ukitafuta kioo cha kulinda leza, vingi utakavyoletewa ni vya mashine za kukata chuma, vimeandikwa 1064. Hizo ni nanomita, na mwanga huo macho hata hayauoni. Tabaka lake limetengenezewa huo tu. Leza ya sherehe ina bluu ya karibu 450, kijani karibu 520 na nyekundu karibu 638, kwa hivyo unataka kioo cha 400 hadi 700. Muuzaji asipojua namba zake, peleka doo kwingine, hata kama bei inabamba.

Plastiki sahau. Inakwaruzika haraka na miale ikisimama pahali pamoja inaweza kuiyeyusha. Kwa leza ndogo, ujanja ninaoukubali ni filta ya kamera yenye tabaka za kuzuia kuakisi, bora ifunike tundu lote.

Kabla ulipe, pima urefu, upana na unene wa kile cha zamani. Unene watu husahau, halafu kioo kinacheza kwa fremu na vumbi linapita.

Ukifunga, chomoa waya wa stima kabisa, si kuzima tu. Vaa glavu, kwa sababu alama ya kidole ni mafuta, na mafuta yanaungua. Safisha na alkoholi ya isopropili ya 99% na karatasi ya lenzi. Halafu elekeza leza kwa ukuta, nguvu ikiwa chini, chumba kikiwa hakina watu wala kitu kinachong'aa. Ukiona mistari inatoka miwili miwili ama nukta nje ya mchoro, zima, toa hicho kioo.