Mfumo endeshi unaobeba ripoti za Kabambare

Kila mwezi, muuguzi wa kituo cha afya huko Kabambare hujaza fomu ndefu: waliotibiwa malaria, watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungulia kituoni. Fomu hupelekwa ofisi kuu ya zoni ya afya, na huko hesabu zake huingizwa katika DHIS2, programu inayokusanya takwimu za afya za Kongo nzima. Mkoa wa Maniema una zoni 18, zikiwemo Kabambare, Lusangi na Saramabila.

DHIS2 hutengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo. Mbali na kutunza takwimu, inaweza kupokea takwimu nyingine kutoka programu za maabara au za bohari ya dawa. Sasa je, seva yake iwekewe mfumo endeshi gani?

DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, kwa hiyo haifungwi na mfumo mmoja. Hata hivyo watengenezaji hupendekeza Ubuntu, aina ya mfumo endeshi wa Linux iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Wengi husifu kwamba ni ya bure. Kwangu hoja hiyo ni nyepesi, maana fundi hulipwa hata kama leseni haina bei. La kuangalia ni umri wa huduma: toleo la LTS, yaani la huduma ya muda mrefu, hutoka kila miaka 2 na hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Waliochagua CentOS 8, Linux ya bure vilevile, walitarajia kuhudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 wakatangaziwa kwamba mwisho ni Desemba 2021.

Je, wajua pia kwamba Linux huua? RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikiisha kabisa, kiini chake huchagua programu ya kuzima ili mashine isigande, na kwa kawaida huangukia ile iliyokula nafasi kubwa zaidi. Kwenye seva ya DHIS2, mlaji huyo ni Java au hifadhidata ya PostgreSQL, yaani kazi yenyewe iliyowekewa seva. Ndiyo maana fundi mzoefu huipangia Java kiwango cha mwisho cha RAM kabla zoni hazijaanza kuingiza ripoti za mwezi kwa mkupuo.