Majani 41 Asubuhi Moja

Mpwa wangu ana miaka tisa, na ana mndimu wake. Ameupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, kwa sababu nyumba yao ni ya kupanga na uwa wote ni saruji. Mwishoni mwa Desemba familia nzima ilikwenda Muheza harusini, wakakaa siku 12. Mndimu ukabaki barazani, mahali ambapo mvua haifiki lakini jua la alasiri linafika vizuri sana.

Waliporudi jioni, udongo ulikuwa umejitenga na kuta za ndoo kwa ukavu. Majani yalikuwa yamejikunja, lakini yote yalikuwa bado yako tawini. Mtoto akatupa begi, akakimbilia bombani, akaumwagilia mti mpaka maji yakafurika. Asubuhi yake akakuta majani yamezagaa sakafuni. Akayahesabu: 41. Alikuja kwangu ameyakusanya kwenye upande wa kanga, machozi yanamtoka.

"Shikamoo mjomba. Maji yameua mndimu wangu."

"Marahaba mwanangu. Twende tukautazame kwanza."

Ninawasimulia ninyi jinsi tulivyoutazama, maana watu wengi wakiona jani limeanguka hukimbilia kopo la maji kabla hawajagusa hata udongo.

Kitu cha kwanza nilichomwambia ni akwaruze gome la tawi kidogo kwa ukucha. Chini ya gome kulikuwa na kijani kibichi. Tawi lililokufa lingeonyesha rangi ya kahawia, kavu kama ukuni. Kwa hiyo mti ulikuwa hai. Halafu nikamwonyesha mahali jani lilipotoka. Palikuwa pasafi, pana kovu dogo laini. Nikachuma jani moja kwa nguvu ili alinganishe, likachanika na kuondoka na kipande cha ngozi ya tawi. Akatazama kovu moja, akatazama jingine.

"Kumbe haya hayakukatika," akasema. "Yaliachiliwa!"

Naam. Pale kikonyo cha jani kinapokutana na tawi pana ukanda mwembamba wa seli, mfano wa mshono kwenye nguo. Jani lenye afya hutuma kemikali iitwayo oksini kupitia kikonyo chake, na maadamu oksini inapita, mshono haufumuki. Jani likidhoofika, oksini hupungua. Hapo gesi iitwayo ethilini, ambayo mmea wenyewe huitengeneza, hupata nguvu. Seli za mshono hulegezana, jani huanguka kwa uzito wake, na mti huziba kovu ili vijidudu visiingie. Mndimu una mshono wa pili pale kikonyo kinapoungana na bapa la jani, ndiyo maana mara nyingine bapa huanguka na kikonyo kikabaki tawini peke yake.

Mpwa wangu alikwisha kukutana na ethilini, ila hakulijua jina lake. Kule Muheza alimwona bibi akivundika ndizi za harusi: shimo, majani ya mgomba, moto mdogo wa kufukiza, kisha kufunika. Baada ya siku chache ndizi zikatoka za manjano. Moshi una ethilini, na ndizi zenyewe zinapoanza kuiva huitoa zaidi, nayo ikifungiwa shimoni huziivisha zote. Bibi zetu waliitumia gesi hii vizazi na vizazi. Huko Ulaya walikutana nayo kwa njia nyingine. Taa za barabarani za karne ya 19 ziliwashwa kwa gesi, na pale mabomba yalipovuja, miti ya kando ya barabara ilipukutisha majani. Mwaka 1901 mwanafunzi wa Urusi, Dimitry Neljubow, aliona miche yake ya njegere ikikua kwa kulala badala ya kusimama katika chumba chenye gesi ya taa, akagundua kwamba kisa ni ethilini.

Lakini mtoto hakuridhika, na alikuwa na haki. "Mbona majani hayakuanguka kwenye kiu? Mbona yamesubiri mpaka nikatia maji?"

Swali hilo nalipenda sana. Wataalamu waliochunguza miche ya chenza, ndugu wa karibu wa mndimu, walikuta kwamba mche ukiwa na kiu kali, mizizi hulimbikiza malighafi ya kutengenezea ethilini. Inakaa huko huko chini, kwa kuwa hakuna maji ya kuipandisha. Siku maji yakija, hupanda nayo mpaka kwenye majani, na huko ndiko inakogeuka gesi. Mshono unafumuka. Maji yalimfikisha tu mjumbe aliyekuwa amekwama njiani. Kosa lilikuwa la zile siku 12.

Kule Muheza michungwa imepandwa ardhini. Kiu ikiishika, mizizi ina mahali pa kwenda kutafuta. Mti wa kwenye ndoo umefungiwa na kiganja cha udongo, na mahitaji yake yote yanamtegemea mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri, amwombe jirani, au auhamishie mti kivulini kwa siku hizo.

Sasa hapo palikuwa na hatari ya pili, na hii ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kwa huruma, mtoto alikuwa anataka kumwagilia asubuhi, mchana na jioni. Nikainamisha ndoo: matundu ya chini yalikuwa yamezibwa na udongo. Mizizi inahitaji hewa kama sisi. Udongo ukijaa maji yasiyotoka, mizizi hukosa hewa, huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa. Majani hugeuka manjano na kuanguka, mwenye mti anadhani ni kiu, anaongeza maji. Nimeona mimea mingi ikifa hivyo mikononi mwa watu wanaoipenda kwa dhati. Tukayazibua matundu kwa msumari, tukaiinua ndoo juu ya vipande viwili vya tofali. Kisha nikamfundisha kipimo: chovya kidole mpaka kiungo cha pili, ukikuta unyevu, acha, ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Tuligeuza pia majani yaliyobaki, kwa kuwa utitiri hupenda kujificha upande wa chini, na sisimizi wakipanda shina kwa safari nyingi, mara nyingi wanafuata utamu wa wadudu wanaofyonza majani. Hatukukuta kitu. Mama yake alitaka kuuingiza mti sebuleni upumzike. Nikamwomba dada asubiri. Mti uliozoea jua ukiingizwa gizani ghafla hupukutisha tena. Ukilazimika kuhama, uhame kidogo kidogo, siku kadhaa kivulini kwanza.

Siku ya 19 alinipigia simu kwa simu ya mama yake, hataki hata salamu imalizike. Juu ya kila kovu, alisema, kuna jicho dogo la kijani linatoka. Amehesabu 23, na mengine hajayafikia kwa sababu ya miiba.

"Na udongo?" nikamuuliza.

"Ngoja, mjomba." Nikasikia simu ikiwekwa chini, na miguu ikikimbia barazani.