Kuiandaa pikipiki kwa safari za nyikani

Tunaizungumzia pikipiki, lakini si ile ya kubebea abiria mjini wala ile ya mashindano. Tunaizungumzia pikipiki ya matumizi mawili, yaani ile yenye taa, vioo na namba, inayoruhusiwa kisheria kutembea barabarani, na wakati huo huo yenye uwezo wa kuiacha lami na kuingia katika njia za mawe, mchanga na matope.

Pikipiki za namna hii zilijipatia sifa kubwa kutokana na mbio za Paris–Dakar. Mbio za kwanza zilianza mwishoni mwa Desemba 1978 na kumalizika Januari 1979. Mshindi, Mfaransa Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua dukani. Ushindi huo uliwadhihirishia wengi kwamba jangwa halihitaji chombo cha ajabu, bali chombo cha kawaida kilichoandaliwa vyema.

Hivi leo safari za aina hiyo zimeshamiri magharibi mwa Marekani. Tangu mwaka 2010, shirika lisilo la kibiashara liitwalo Backcountry Discovery Routes limekuwa likichora ramani za njia za vumbi zinazokatiza majimbo mazima. Njia ya jimbo la Utah, kwa mfano, inatoka kusini karibu na mpaka wa Arizona hadi kaskazini karibu na mpaka wa Idaho, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300. Katika sehemu nyingi za njia hiyo simu haishiki, kivuli hakuna na maji ni yale uliyoyabeba. Pikipiki ikiharibika hapo, suala si usumbufu tena, bali ni uhai wenyewe.

Je, ni mambo gani basi yanayopasa kubadilishwa, na kwa utaratibu upi? Hebu tuchukue mfano wa pikipiki moja inayopendwa sana na wasafiri hao, Suzuki DR650SE. Imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1996 bila ya mabadiliko makubwa. Ina silinda moja, inapozwa kwa hewa na oili, na ikiwa tayari kwa safari ina uzito wa takriban kilo 166. Ni pikipiki imara, lakini haikutoka kiwandani ikiwa imekusudiwa kubeba mizigo ya wiki nzima.

Kanuni ya kwanza ni uzito. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mtu huongeza kilo tano za vyuma vya kufungia mizigo, kilo kumi za masanduku, kilo tano za petroli, kisha hema, maji, chakula na vifaa vya ufundi. Kila kimoja peke yake ni chepesi, lakini kwa ujumla wake pikipiki imepita kilo 200. Sasa jiulize, itakapoanguka kwenye mchanga, nawe uko peke yako, utaweza kuinyanyua mara ngapi kabla nguvu hazijakuishia? Kwa hiyo, kila kinachoongezwa sharti kijibu swali moja: je, kikikosekana nitashindwa kurudi nyumbani?

Tukianza na usalama wa injini, sehemu yake ya chini ni ya alumini, na jiwe moja lenye ncha laweza kuitoboa na oili yote ikamwagika. Bamba nene la kuikinga injini kwa chini ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kununuliwa. Vikinga mikono vyenye chuma ndani yake navyo huzuia mikono ya klachi na breki isivunjike pikipiki inapoanguka.

Aidha, yapo mambo madogo yasiyoonekana kwa nje. Ndani ya injini ya pikipiki hii, nyuma ya klachi, kuna skrubu mbili ndogo zinazoshikilia swichi ya taa inayoonyesha kwamba gia haijaingizwa. Imewahi kutokea kwa baadhi ya pikipiki hizo skrubu zikalegea, na zikidondoka zinaweza kunaswa kati ya gia na kuiharibu injini. Mafundi wenye uzoefu huifungua sehemu hiyo na kuzifunga skrubu kwa waya au kwa gundi maalumu ya kuzikazia. Ni kazi ya saa chache karakanani, ilhali nyikani isingewezekana kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la pili ni petroli. Tangi la kiwandani lina ujazo wa takriban lita 13. Kwenye barabara nzuri lita moja inaweza kukupeleka kilomita 20 hivi, kwa hiyo tangi zima ni kilomita 260. Hata hivyo, kwenye mchanga na milima hesabu hiyo hupungua. Tukikadiria kilomita 16 kwa lita, umbali unabakia kilomita 208, bila ya akiba yoyote ya kupotea njia. Tangi la lita 20 litatoa kilomita 320 kwa makadirio hayo hayo. Ukiweka kando sehemu moja ya tano kuwa akiba, unabaki na kilomita 256 za kutegemea. Lita saba hizo za ziada zina uzito wa kilo tano hivi. Yapo matangi ya lita 30, lakini anayepita katika miji kila baada ya kilomita 200 hana sababu ya kuubeba mzigo huo.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau kwa kuwa halionekani, ni springi na shokabsoba. Springi laini zikielemewa na mizigo, pikipiki hukaa chini mno upande wa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hukosa utulivu. Kipimo chake ni rahisi. Kwanza pikipiki inyanyuliwe hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha mtu wa pili apime urefu kutoka kwenye ekseli hadi alama fulani ya juu. Baada ya hapo ishushwe, mwenyewe aikalie ikiwa na mizigo yote, na kipimo kichukuliwe tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili iwe kama theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma. Kwa pikipiki hii, ambayo gurudumu lake la nyuma husogea takriban milimita 260, tofauti hiyo ni kama milimita 85. Ikizidi sana hata baada ya springi kukazwa, basi springi hiyo ibadilishwe kwa nyingine iliyo ngumu zaidi, inayolingana na uzito wa mpandaji na mizigo yake. Gharama hii ina faida kubwa zaidi kuliko taa na mapambo.

Msikilizaji, tuje kwenye matairi. Tairi lenye meno makubwa hushika vizuri kwenye udongo, lakini huisha upesi kwenye lami. Kupunguza upepo husaidia mchangani, ila kwenye mawe upepo ukiwa kidogo mno tyubu hubanwa na kupata pancha. Kwa hiyo tyubu za akiba, viraka, pampu na vyuma vya kubandulia tairi havikosekani safarini, na kila mpandaji anapaswa kujizoeza kuziba pancha kabla hajaondoka nyumbani. Wengi pia hubadilisha sproketi ya mbele kutoka meno 15 hadi 14. Mwendo hupungua kwa takriban asilimia 7 kwa mzunguko ule ule wa injini, na kupanda mlima polepole kunakuwa rahisi bila ya kuiunguza klachi.

Kuhusu mizigo, masanduku ya alumini yana kufuli na yanapendeza, lakini ni mazito. Isitoshe, mpandaji anapoteremsha mguu kwenye mchanga, sanduku linaweza kuubana na kuuvunja. Mifuko laini ya pembeni ni myepesi na hujikunja pikipiki inapoanguka. Vitu vizito, kama vile maji na spana, viwekwe chini na karibu na katikati ya pikipiki.

Kuna jambo jingine lenye kugusa sheria. Wapo wanaobadilisha bomba la moshi ili kupunguza uzito. Katika misitu ya taifa ya Marekani, bomba hilo sharti liwe na kizuia cheche kinachokubalika, kwani cheche moja katika majani makavu yaweza kuteketeza msitu na makazi ya watu.

Umeme nao una mpaka wake. Jenereta ya pikipiki hii hutoa takriban wati 200 tu, na taa ya mbele peke yake hula wati 55 hadi 60. Anayeongeza taa kubwa na nguo za kupasha joto ataikuta betri imekufa asubuhi. Wati chache zinazobaki zinafaa zaidi kuchajia kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti, ambacho huweza kuita msaada pale simu isiposhika.

Hatimaye, kabla ya safari yenyewe, ni busara kusafiri siku mbili karibu na nyumbani ukiwa na mzigo kamili, mchangani na mawemawe. Ukirudi, kaza kila nati iliyolegea, kisha toa kila kitu ambacho hukukigusa, isipokuwa vifaa vya ufundi, maji, dawa na vifaa vya huduma ya kwanza. Pikipiki iliyo tayari kwa nyika ni ile ambayo mwenyewe anaifahamu kila skrubu, na ikianguka anaweza kuinyanyua.