MALI BILA DAFTARI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliionja mwaka jana nikiwa Kidato cha Tatu.

Tulikuwa wanafunzi wanne. Tuliazimia kuunda programu ya tarakilishi ya kuweka hesabu ya vitabu vya maktaba: nani kaazima, lini, na atarudisha lini. Kazi tuligawana vizuri. Taabu ni kuwa tulikuwa na flashi moja tu, tukipokezana kama kijiti cha mbio. Ndani yake mlijaa faili: "maktaba mpya", "maktaba mpya kabisa", "maktaba ya mwisho" na, usicheke msomaji, "maktaba ya mwisho kweli".

Jumapili moja mwenzangu wa dawati alifungua faili akakuta kazi yake ya majuma matatu haipo. Alinitazama kwa jicho la shaka, nami nikawaka kama moto wa kifuu. "Si ujifunze kuhifadhi kazi yako!" nikamwambia. Tukanuniana siku kumi nzima. Hata uji wa saa nne tuliunywa tumepeana mgongo.

Mwalimu wetu wa somo la tarakilishi aliposikia kisa hicho hakutuadhibu. Alituita maabarani, akatueleza vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya: Git na GitHub.

Git ni programu ya kuweka daftari la mabadiliko. Iliundwa mwaka wa 2005 na Linus Torvalds wa Ufini, yule yule aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Linux ilikuwa ikiandikwa na watu wengi waliotawanyika duniani. Programu waliyoitumia kuweka kumbukumbu ya kazi yao ilikuwa ya kampuni, na kampuni hiyo ilipoondoa ruhusa ya kuitumia bure, Torvalds akaona heri aunde yake. GitHub nayo ni mtandao uliofunguliwa mwaka wa 2008 ili watu waweke madaftari yao ya Git mahali pamoja na kushirikiana. Mwaka wa 2018 Microsoft iliununua kwa thamani ya dola bilioni 7.5 za Marekani. Kwa ufupi, Git ni daftari, na GitHub ni kabati la pamoja.

Sasa mambo huendaje? Kwanza, mmoja wetu alifungua ghala la mradi, nasi wengine tukalinakili. Hapa ndipo penye siri: unaponakili huchukui faili za leo pekee, bali historia yote. Tarakilishi moja ikiharibika, ghala zima lingali kwa wenzako. Tena Git hufanya kazi bila intaneti. Sisi ambao intaneti tunaipata Jumamosi tu, tuliandika juma zima, kisha Jumamosi tukasukuma kazi yetu GitHub.

Pili, kuna komiti. Ukimaliza sehemu ya kazi unaifunga kwa komiti, yaani picha ya mradi wote ulivyo wakati huo. Komiti hubeba jina lako, tarehe na saa, ujumbe mfupi, na kitambulisho chenye herufi na tarakimu 40. Ujumbe nao uwe na maana. "Nimerekebisha hesabu ya faini" utamfaa mwenzako. "Mabadiliko" haumfai yeyote.

Tatu, kuna matawi. Badala ya kuchokorachokora shina ambalo kila mtu analitegemea, unachipuza tawi lako na kufanya majaribio humo. Ukiridhika, unatoa ombi la kuvuta, yaani unawaomba wenzako wakague kazi yako na kuivuta hadi shinani. Wao huona mistari uliyoongeza kwa rangi ya kijani na uliyoiondoa kwa nyekundu. Wanaweza kuuliza, kukosoa, au kukubali.

Je, wawili wakibadilisha mstari ule ule? Git haimpendelei yeyote. Husimama, ikaweka maandishi ya wote wawili ndani ya faili, yametengwa kwa alama, ili wenyewe mkae chini mwamue.

Mwalimu aliposema hayo, moyo ulinipiga paa! Nilikumbuka kuwa siku moja kabla ya Jumapili ile nilisahihisha mistari miwili katika nakala yangu kuukuu, nikaitia kwenye flashi. Tarakilishi iliniuliza kama nataka kufunika faili iliyomo. Nikabonyeza ndiyo bila kufikiri. Kumbe mwizi ni mimi! Nilisimama, miguu ikitetemeka, nikakiri mbele ya wote. Mwenzangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya bwana, basi tutaandika upya pamoja." Tuliandika kwa majuma mawili, kila kipande na komiti yake.

Nina tahadhari mbili. Usiweke neno la siri katika ghala lililo wazi, kwa maana hata ukilifuta leo, historia bado inalikumbuka. La kufanya ni kulibadilisha upesi. Pili, ukitaka wengine waitumie kazi yako, weka leseni inayosema hivyo. Kuiona kazi ya mtu si ruhusa ya kuichukua.

Wala usidhani haya ni ya ng'ambo tu. Ushahidi, programu iliyoanzishwa hapa kwetu Kenya mwezi wa Januari 2008 kukusanya habari za ghasia zilizofuata uchaguzi, msimbo wake umewekwa GitHub, na yeyote anaweza kuusoma na kujifunza.

Ndugu msomaji, kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vinne visivyo na daftari huishia kuchomana macho. Leo mimi na mwenzangu tunakunywa uji tukitazamana. Na ile flashi? Tunawekea nyimbo.